Si kwamba hatuvutiwi

Nimesoma makala ambayo mwandishi wake anasema wanawake ni wachache kwenye makongamano ya teknolojia kwa sababu fani yenyewe haiwavutii. Hapo nakataa kabisa. Mimi naandika programu za kompyuta hapa Dar es Salaam, na makongamano niliyoyakosa ni mengi kuliko niliyohudhuria, lakini sababu haijawahi kuwa kutovutiwa. Mwaka juzi mada niliyoitamani zaidi iliwekwa saa mbili usiku. Nilikuwa namnyonyesha mtoto wa miezi saba, daladala za kurudi Mbagala saa hizo ni za kugombania, na nilipouliza kama kuna chumba cha kunyonyeshea nikaambiwa nimwache mtoto nyumbani. Nikabaki naye. Sasa tazameni PyCon ya Marekani, mkutano wa watumiaji wa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta: mwaka 2011 wanawake walikuwa takriban asilimia 1 tu ya watoa mada, kufikia 2014 wakawa karibu theluthi moja. Kwa miaka mitatu tu, mapenzi ya kompyuta hayakushuka ghafla kutoka mbinguni! Waandaaji waliwafuata wanawake, wakawaomba walete mada, na wenye uhitaji wakasaidiwa gharama za safari. Huko kuombwa ndiko kwenye uzito, maana wengi wetu husubiri tujione tumeiva kabisa ndipo tunyooshe mkono. Tangazo la kusema wanawake wote mnakaribishwa halimtoi mtu wa namna hiyo nyumbani. Dada zangu wa Arusha, Mombasa na Kigali, mmewahi kuhudhuria kongamano lenye mahali pa kuacha watoto?