Injinia Alivyochemsha Mtindi

Kwenye geto letu la Sinza chombo kinachogombewa kuliko vyote ni hotpoti la lita tano. Mimi nasomea sayansi ya chakula, nalitumia kugandishia mtindi. Injinia anasomea mitambo, anahifadhia wali. Wa tatu wetu, Mwanasheria, hapiki; yeye husuluhisha, halafu anakula kwa wote wawili.

Ijumaa ile hotpoti lilishatekwa na wali wa nazi, kwa hiyo mtindi wangu ukaishia kwenye sufuria, na sufuria nikaiviringisha blanketi. Maziwa lita mbili. Yakishachemka unapunguza moto na kukoroga dakika kumi, maana hapo ndipo protini hufumuka na mtindi ukaja kuganda mzito. Kisha yapoe hadi nyuzi 45. Asiye na kipimajoto achovye kidole kisafi. Akiweza kuhesabu taratibu hadi kumi bila kuruka, muda wa kutia mbegu umefika: vijiko vikubwa vinne vya mtindi usiotiwa sukari wala ladha. Yakizidi 50 unawapika bakteria wako. Yakipoa mno wanazubaa, asubuhi unakuta maziwa yanavutika kama mlenda. Funika, usitikise, saa sita hadi nane.

Asubuhi nikafunua, umeganda safi, kijiko kinasimama. "Bakteria wamepiga kazi!" nikasema, nikatoka kwenda kununua maandazi. Injinia alikuwa pale pale anapiga mswaki. Mswaki ukasimama mdomoni.

Kurudi, jiko la gesi linanguruma.

"Kaka, tulia, nimeshawamaliza," akasema. "Nimewachemsha robo saa nzima."

Ndani ya sufuria vibonge vyeupe vilikuwa vinaogelea kwenye maji ya kijani-njano. Mtindi umeganda kwa sababu asidi ya bakteria imeshikanisha protini; ukiuchemsha, zile protini zinakazana na kukamua maji, na hakuna kukoroga kutakakourudisha. Nikamwaga vyote kwenye kitambaa safi, nikaning'iniza, nikatia chumvi. Ikawa jibini laini, na kusema kweli ilikwenda vizuri na maandazi. Injinia aligoma kuonja. "Siwezi kula maiti za bakteria."

Akafungua hotpoti.

Wali ule ulipikwa saa mbili usiku na kufunikwa ukiwa wa moto. Kwenye mchele huwa kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus, na mbegu zake sugu hazifi kwa kuchemsha. Wali unapokaa juu ya nyuzi 60 haziamki. Lakini hotpoti halikai 60 usiku kucha: linashuka polepole, linapita 50, 40, 30, na kote huko jamaa wanazaliana kwa raha zao na kutoa sumu. Wali wa kiporo ulitakiwa utandazwe kwenye sinia upoe haraka, uingie friji ndani ya muda wa saa mbili tangu uive. Geto lisilo na friji lipike wa kutosha chakula kimoja basi. Ndiyo nafuu hata kwa mfuko.

Nikawaambia wasile. "Naupasha mpaka utoe moshi," Injinia akajibu. Aliupasha kweli, ukatoa moshi. Tatizo ni kwamba sumu ya kutapisha ya mdudu huyu inastahimili nyuzi 121 kwa dakika 90, na sufuria letu la mfuniko uliopinda halijawahi kuiona hata 101. Wali haunuki, haubadiliki ladha. Mwanasheria akaomba ukoko.

Saa nne na nusu walikuwa wanapokezana ndoo. Sumu hiyo huchukua kati ya nusu saa na saa sita, kwa hiyo ratiba ilikwenda kama kwenye kitabu. Kati ya tapiko na tapiko, Mwanasheria akaendesha kesi na kutoa hukumu: mshitakiwa ni mtindi.

"Hamkuugusa!" nikasema.

"Ulikuwepo eneo la tukio."

Zahanati, Injinia akadai dawa ya kuua bakteria, kali kuliko zote. Nesi akamwambia kilichomkamata ni sumu iliyokwisha kutengenezwa, dawa hiyo haina cha kuua. Anywe ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, kidogo kidogo, na akiona damu, homa kali au anashindwa kubakiza hata maji, arudi haraka. Pakiti moja kwa lita moja ya maji safi.

Jioni nikamkuta jikoni, ORS iliyokwisha kuchanganywa ameimimina kwenye sufuria, anapapasa kutafuta kiberiti. Maji yanachemshwa na kupozwa kabla ya kuchanganya, nikamwambia. Ukichemsha baadaye, maji yanapungua na chumvi inazidi kipimo.

"Nitakuwa na uhakika gani?" akauliza.

Kiberiti alikuwa nacho Mwanasheria, kainamia ndoo yake. Akagoma kukitoa mpaka wapatikane mashahidi wawili.