Homa ya Bonde la Ufa: mfugaji huona kwanza, husikilizwa mwisho

Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa virusi wa mifugo unaompata pia binadamu, ikizuka, lawama za kwanza humwangukia mfugaji. Alificha ugonjwa. Alimchinja mnyama aliyekuwa akifa, akauza waliobaki kabla soko halijafungwa. Mengine ni kweli, na kwa kuwa virusi hivi humpata binadamu zaidi kupitia damu, vijusi vilivyotoka na nyama mbichi kuliko kuumwa na mbu, madhara yake si madogo. Lakini rekodi ya mlipuko wa 2006 na 2007 nchini Kenya haimwonyeshi mfugaji kuwa ndiye aliyechelewa.

Septemba 2006 wanasayansi wanaosoma joto la bahari na uoto kwa setilaiti walikuwa wameshatahadharisha kwamba mvua za El Niño zingeweza kuamsha ugonjwa Afrika Mashariki. Mgonjwa wa kwanza anayejulikana Garissa aliugua mwishoni mwa Novemba. Maabara ikathibitisha wiki ya tatu ya Desemba. Chanjo ya mifugo ikaanza Januari 2007, watu wakiwa wameshazikwa.

Baadaye watafiti walikwenda kuwauliza wafugaji wa Kaskazini Mashariki mwa Kenya nini kilitangulia nini. Majibu yao yanastahili kusomwa polepole. Kutoka mvua kubwa hadi makundi ya mbu, wastani wa siku 24 hivi. Kutoka mbu hadi mnyama wa kwanza kushukiwa, siku 17. Kutoka mnyama huyo hadi mtu wa kwanza, siku 17 na nusu. Jumlisha: karibu miezi miwili kati ya mvua na mgonjwa, na katika muda wote huo kulikuwa na watu malishoni waliokuwa wakiziona dalili zikifuatana. Mbu wa kundi la Aedes hutaga mayai kwenye udongo wa mabonde yanayofurika, na mayai hayo hukaa makavu kwa miaka yakisubiri maji. Setilaiti hukisia kwamba maji yamefika. Kujua kwamba kondoo wameanza kutupa mimba kundi zima kwa wiki moja, hiyo ni kazi ya mwenye kondoo.

Wanaosisitiza kusubiri maabara kabla ya kuchanja au kufunga soko, badala ya kutegemea dalili alizoziona mfugaji, wana hoja, na si za kiurasimu tu. Siku zile zilitokana na kumbukumbu zilizokusanywa baada ya msiba, na aliyepoteza mifugo huikumbuka mvua kwa jicho la msiba wenyewe. Mimba hutoka kwa sababu nyingi, brusela, ugonjwa mwingine wa mifugo, ikiwa mojawapo. Ukifunga soko kwa dalili tu, na dalili ikawa ya ugonjwa mwingine, umewanyima watu riziki bure. Kisha kuna chanjo yenyewe: ile ya Smithburn, ya virusi hai vilivyodhoofishwa, inaweza kumfanya mnyama mwenye mimba aitupe. Na sindano moja ikipita kutoka mnyama hadi mnyama katikati ya mlipuko, huweza kusambaza kile kile unachokizuia. Daktari wa mifugo anayesita hapo hastahili kuitwa mzembe.

Hata hivyo, tahadhari hiyo ina bei yake. Hasara ya mlipuko ule kwa Kenya peke yake ilikadiriwa kufikia zaidi ya dola milioni 32, na waliokufa nchini humo walizidi 150. Ng'ambo ya mpaka, Dodoma ikawa kitovu cha vifo vya Tanzania. Wala setilaiti haioni kila mahali: Kabale, milimani Uganda, ugonjwa ulizuka Machi 2016 baada ya nchi hiyo kukaa karibu miaka 50 bila mlipuko, na mmoja wa wagonjwa wa kwanza alikuwa mchinjaji. Nyanda kame za Garissa ndizo zilizofunza mitambo yetu kutabiri. Mlimani inabidi kumtegemea aliyeshika kisu.

Chanjo mpya ya homa hii, ChAdOx1 RVF, ambayo utafiti wake umeongozwa na mwanasayansi Mkenya George Warimwe, imeonyesha usalama hata kwa kondoo na mbuzi wenye mimba, na majaribio kwa binadamu yalianza Oxford mwaka 2021. Ikifika malishoni, hoja nzito kuliko zote ya upande wa kusubiri itapungua uzito, kwa kuwa kuchanja kwa dalili ambayo haijathibitishwa hakutamgharimu mtu ndama.

Kufunga soko ni jambo jingine. Karantini humfikia mfugaji ikiwa amri, mara nyingi bila fidia, na ng'ombe asiyeuzwa leo ndiye aliyekuwa alipe karo. (Saudi Arabia iliposimamisha mifugo ya Somalia mwaka 2000 kwa hofu ya homa hii, zuio hilo lilidumu hadi 2009; habari za namna hiyo husambaa haraka kuliko tangazo lolote la wizara.) Mtu akijua kwamba kutoa taarifa mapema ndiko kutakakomfungia soko mapema, atauza kwanza kisha ndipo aseme. Serikali inayotaka afanye kinyume chake iseme nani atamlipa kwa wiki ambazo soko limefungwa, hasa pale maabara itakaporudisha jibu kwamba haikuwa homa ya Bonde la Ufa.