Bodi ngoja, kagua maktaba kwanza

Sisi tunaoandika programu dhibiti, zile zinazoishi ndani ya vifaa vya kielektroniki, tuna hoja moja tunayoitoa kila CI inapotajwa, yaani seva inayojenga na kujaribu mradi kila msimbo unapobadilika: bodi ipo juu ya meza yangu, seva ipo huko iliko, haina kihisi, haina mota, haina hata taa ya kuwasha. Sasa itajaribu nini? Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, ndiyo maana imedumu. Ila inachukulia kwamba kazi ya CI ni kujaribu tabia ya kifaa tu. Kwa maoni yangu kazi yake ya kwanza kwetu ni ya chini zaidi na haina mbwembwe: kuhakikisha kwamba maktaba unazozitegemea, yaani msimbo wa wengine unaouazima, ndizo unazozidhani, kwa toleo unalolidhani, na kwamba mashine isiyokujua inaweza kuzikusanya zote na kukompaili mradi wako (kuugeuza msimbo kuwa programu ya kifaa) mpaka mwisho. Kazi hiyo haihitaji bodi hata moja.

Kompyuta ya mtu aliyekaa na Arduino, zile bodi ndogo za kujifunzia na kutengenezea vifaa, kwa muda huwa na folda ya maktaba iliyosheheni mabaki ya miradi ya zamani. Programu yake inakompaili bila shida. Akimtumia mwenzake, mwenzake anakwama kwenye kosa ambalo karibu kila aliyetumia kihisi cha joto na unyevu cha DHT amelionja: faili la Adafruit_Sensor.h halipo. Maktaba ya DHT ya kampuni ya Adafruit inaitegemea maktaba nyingine ya vihisi. Kwenye mashine ya kwanza hiyo ya pili ilikuwepo tangu zamani, imeletwa na mradi mwingine kabisa, na hakuna aliyeandika popote ndani ya mradi kwamba inahitajika. Programu ilisimama kwa bahati.

CI huanza na mashine tupu kila mara, na utupu huo ndio ninaoutaka. Usichokitangaza, hukipati. Arduino CLI, zana ya Arduino ya mstari wa amri, inakusaidia zaidi ukiandika wasifu ndani ya faili la sketch.yaml: unataja bodi, toleo la jukwaa lake (kompaila na msimbo wa msingi wa bodi) na toleo la kila maktaba, kisha kompaila inatumia hizo tu na kuipuuza ile folda yako iliyosheheni. Nashangaa kwamba wengi hawajui jambo hili lipo.

Kutaja jina la maktaba bila namba ya toleo ni nusu ya kazi. Kwenye platformio.ini, faili la mipangilio la zana ya PlatformIO, ukiandika ArduinoJson peke yake chini ya lib_deps, mashine tupu italeta toleo jipya kuliko yote, liwe lolote. Maktaba hiyo ilipotoka toleo la 5 kwenda la 6, aina kama DynamicJsonBuffer ziliondolewa; anayezitumia leo anapokea ujumbe wa kistaarabu kabisa unaomwambia kwamba hiyo ni ya toleo la 5, akasome namna ya kuhama. Si maktaba zote zina adabu hiyo. Ukiandika ^6.21.0 umeruhusu chochote kuanzia hapo hadi kabla ya 7. Mimi naandika namba kamili bila alama yoyote. Najua wapo wanaoona huo ni ukali uliopitiliza, kwamba namba za matoleo zina maana yake na mwandishi wa maktaba ameahidi kutovunja kitu ndani ya toleo kuu moja. Ahadi ni nzuri. Kwenye kifaa kitakachofungwa ukutani au kufukiwa shambani, sitaki kuitegemea.

Jukwaa la bodi nalo ni kitegemezi, kitu ambacho mradi unakitegemea kama maktaba, na hapa ndipo watu waangalifu huteleza. Wanafunga maktaba zote, wanaliacha jukwaa lielee. Mwaka 2024 jukwaa la Arduino la chipu ya ESP32 lilifika toleo la 3.0, na fanksheni za ledcSetup na ledcAttachPin, zilizotumika katika mafunzo mengi mno ya kufifisha taa na kuendesha mota, ziliondolewa. Nafasi yake ikachukuliwa na ledcAttach. Mradi ambao mistari yake haikuguswa ulikataa kukompaili. Hilo si kosa la waliobadilisha, walitoa mwongozo wa kuhama. Swali ni wewe ulipaswa kulijua lini: siku unayochagua kupandisha toleo, au siku ambayo kompyuta mpya imewekewa kila kitu upya na mteja anasubiri?

Lakini kinachonikosesha usingizi zaidi ni vitegemezi vya vitegemezi. Umefunga maktaba A kwa namba kamili, vizuri. Ndani ya A kuna faili linalosema inahitaji B, toleo lolote kuanzia fulani. B haimo kwenye orodha yako, hujawahi kuisoma, pengine hata jina lake hulijui, na ndiyo inayobadilika chini ya miguu yako. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Hapa vimeundwa na watu usiowajua, na bado wanaendelea kuunda. Lugha ya Rust ililitatua hili kwa faili la kufuli la Cargo.lock, linaloandika mti mzima mpaka jani la mwisho. ESP-IDF, zana rasmi za chipu za ESP32, ina dependencies.lock yake kwa vipengele vinavyoletwa na meneja wake. Kwenye Zephyr, mfumo endeshi wa vifaa vidogo, mambo yanasimama kwenye west.yml, na usalama wake unategemea ulichoandika kwenye revision: ukiandika heshi (namba ya kipekee ya hali moja ya msimbo) umefunga, ukiandika jina la tawi hujafunga kitu.

Pale ambapo hakuna faili la kufuli, CI inaweza kulitengeneza kwa mkono. Mwishoni mwa kila ujenzi endesha pio pkg list, amri ya PlatformIO, hifadhi mti wa maktaba inaouonyesha kama faili, kisha ulinganishe na ule uliohifadhiwa kwenye hazina ya msimbo. Ukitofautiana hata kwa namba moja, ujenzi ushindwe. Ni mistari michache ya shell, haina uzuri wowote, na sijaona chombo cha kulipia kinachonipa utulivu mkubwa kuliko huo. Anayetaka kupandisha toleo anabadilisha faili la mti ndani ya ombi lilelile la kuunganisha, na anayepitia anaona: hapa B imetoka 1.4 kwenda 1.6. Mazungumzo yanaanza kabla hata msimbo haujasomwa.

Rust nayo ina mtego wake, kwa wanaodhani kufuli linamaliza kila kitu. Januari 2024 embedded-hal, maktaba inayounganisha dreva na bodi, ilitoa toleo la 1.0, na aina zake haziingiliani moja kwa moja na zile za 0.2. Dreva ya kihisi iliyoandikwa kwa 0.2 na jukwaa la bodi lililohamia 1.0 yote mawili yataingia kwenye mti mmoja bila ugomvi, halafu kompaila inakutupia makosa ya aina yanayosomeka kama matusi. Amri ya cargo tree -d inaonyesha maktaba zilizoingia kwa matoleo mawili. Iweke kwenye CI uisome mapema.

Sasa, kufunga kila kitu kuna ugonjwa wake: unaganda. Miaka inapita, na siku unayolazimika kupanda unakuta ngazi haina vidato vya katikati. Kwa hiyo nataka ujenzi wa aina mbili. Wa kwanza unatembea kwa kila badiliko, na matoleo yamefungwa. Huo ukishindwa, hakuna kuunganisha. Wa pili unaendeshwa usiku au mara moja kwa wiki, unaondoa kufuli na kuleta kila kitu kipya. Huo ukishindwa hauzuii mtu kazi, unatoa habari tu. Renovate, roboti ya kufuatilia matoleo mapya, inaweza kuelekezwa kwa kanuni za regex isome faili za PlatformIO na kukufungulia maombi ya kupandisha matoleo, moja baada ya jingine, kila moja likapita kwenye ujenzi wako. Ujenzi wa pili ukibaki mwekundu kwa muda mrefu bila mtu aliyepewa jina la kuushughulikia, afadhali uzimwe.

Kama maktaba yako ni ya kutumiwa na wengine, kompaili kwa bodi za familia tofauti za vichakataji, angalau AVR moja na ARM moja. Kwenye AVR int ni biti 16, kwenye ARM ni biti 32, na hesabu ya milisekunde iliyotulia kwenye moja hufurika kwenye nyingine. Washa maonyo yote. Kompaila itakwambia mengi ukiiruhusu iseme.

Halafu kuna ukubwa, jambo ambalo wenzetu wa seva hawalijali. Arduino Uno R3 ina kilobaiti 32 za flashi (kumbukumbu ya kuhifadhi programu) na kilobaiti 2 za RAM. Maktaba ikipandishwa toleo inaweza kukompaili bila onyo na bado ikakumaliza kwa uzito. Arduino wenyewe wana hatua ya tayari ya GitHub, compile-sketches, inayoweza kupima tofauti ya ukubwa kati ya kabla na baada. Weka kikomo, ujenzi ushindwe kikivukwa.

Hata hivyo namba hiyo isikulevye. Maktaba ya Adafruit ya skrini za SSD1306 inaomba kumbukumbu ya picha wakati programu imeshaanza kukimbia, si wakati wa kukompaili. Skrini ya nukta 128 kwa 64 ni baiti 1,024, nusu ya RAM yote ya Uno, na baiti hizo hazimo kwenye hesabu ya kompaila. Ripoti itasema una nafasi tele, kisha begin inarudisha false na skrini inabaki nyeusi. Hapo wale wa hoja ya bodi mezani wana haki yao, na ninawapa. Kwa sehemu hiyo tu.

Usalama nao unadai orodha hiyohiyo ya maktaba. Juni 2020 kampuni ya JSOF ilitangaza Ripple20, udhaifu 19 kwenye maktaba ya mtandao ya Treck, iliyokuwa imezama ndani ya vifaa vya watengenezaji wengi kwa miaka mingi. Kuziba matundu lilikuwa nusu ya kibarua. Nusu nyingine ilikuwa kujua nani anaitumia, kwa kuwa maktaba ilikuwa imepita mikono mingi na kubadilishwa majina njiani. Umoja wa Ulaya sasa una sheria ya ustahimilivu wa mtandao, ambayo wajibu wake mkuu unaanza Desemba 2027, na inadai mtengenezaji awe na orodha ya vipengele vya programu. Kwenye Zephyr, west spdx inaizalisha kutokana na taarifa za ujenzi. Kama CI yako tayari inahifadhi mti wa maktaba, uko nusu ya njia.

Na CI yenyewe ina vitegemezi. Machi 2025 hatua maarufu ya GitHub, tj-actions/changed-files, ilivamiwa, na lebo zake za matoleo zikaelekezwa kwenye msimbo wa kuvujisha siri za miradi. Waliokuwa wameandika heshi salama badala ya lebo hawakuguswa, maana lebo inaweza kuhamishwa na heshi haihami.

Wapo watakaoniambia: kwa nini usinakili maktaba zote ndani ya hazina yako, yaishe? Kwa kifaa cha maisha marefu nakubali, tena bila aibu. Lakini andika kando ya kila nakala ilikotoka na heshi yake, na uiache CI ilinganishe nakala na chanzo. Bila hivyo, mtu atarekebisha mstari mmoja ndani ya nakala usiku wa kukabidhi kazi, asimwambie mtu, na anayekuja kuipandisha toleo ataufuta mstari huo bila kujua kwamba ulikuwepo.