Bandari ya Lamu: kina kipo, reli iko wapi?

Watu wakisikia bandari ya Lamu wanadhani iko pale forodhani Amu, yaani mji wa Lamu wenyewe kisiwani, kumbe gati ziko Kililana, upande wa bara, ndani ya ghuba ya Manda, na ukitoka mjini lazima upande boti uvuke mpaka Mokowe ndo ushike barabara. Yaani mji una jina, bandari iko kwingine.

Amu yenyewe ni bandari ya karne nyingi, majahazi yalikuwa yanashuka na upepo wa kaskazi kutoka Uarabuni yanarudi na ule wa kusi yamejaa boriti za mikoko, mpaka serikali ilipopiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982. Jahazi lataka upepo na pa kujisitiri basi. Meli ya kontena yataka kina, na ghuba ya Manda visiwa vimeikinga na mawimbi, wakachimba mpaka mita 17 na kitu. Ndo maana Machi 2012 Kibaki wa Kenya, Meles Zenawi wa Ethiopia na Salva Kiir wa Sudan Kusini wakaja kuzindua LAPSSET, mradi wa bandari hii na reli, barabara na bomba la mafuta la kuiunganisha na nchi hizo mbili, gati 32 kwenye karatasi. Zimejengwa 3, ya kwanza ikafunguliwa Mei 2021.

Wanaoitetea siwadharau hata kidogo. Ethiopia ina watu zaidi ya milioni 100 na haina bahari, na kijana wa Amu anayetegemea mtalii peke yake, usalama ukiyumba tu anarudi kukaa barazani.

Lakini uchimbaji huo huo ndo ulioharibu matumbawe na mazalio ya samaki, mvuvi wa mtumbwi aliyekuwa akitega karibu akaambiwa hapa sasa ni njia ya meli. Mahakama Kuu ya Malindi mwaka 2018 iliamuru wavuvi kama 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76, na ukipiga hesabu ni kama laki tatu na themanini kwa kichwa, tena mara moja, na yeye samaki alikuwa akimpata kila siku.

Mi naona mahali wamechagua sawa, mpangilio ndo umekaa kichwa chini miguu juu. Mombasa ilijengewa reli toka 1896, mwaka 1901 ikafika Kisumu, mzigo ukafuata. Hapa gati zimetangulia na reli haijatandikwa hata hatua moja. Ningeulizwa mimi, gati ya nne isubiri kwanza, na mvuvi apewe chombo cha kumfikisha bahari kuu, manake huku ndani washamfungia.