Mama mkwe, pete ya tanzanite na meli inayopiga honi

Ebwana hii lazima niisimulie mwenyewe, maana waifu kasema nisipoisimulia ataisimulia yeye, na yeye akianza kusimulia mi ndo naonekana mjinga wa stori nzima.

Sisi tunaishi Houston, Marekani. Mama mkwe alikuja kutoka Arusha kutusaidia na mtoto, na kabla hajarudi waifu akaona ofa ya meli za kitalii zinazotoka Florida kuzunguka visiwa vya Caribbean, akasema mama kalea watoto wa watu mpaka mgongo unauma, apande meli na yeye aone dunia. Mi nani nikatae. Tena nilikuwa na mpango wangu wa kimyakimya wa kumnunulia waifu pete ya maana, maana ile ya ndoa nilinunua enzi za ubachela wa njaa, kijiwe chake ukikitafuta uvae miwani.

Basi ndani ya meli mama siku ya kwanza kila akimaliza kula anauliza bili iko wapi. Tukamwambia mama hapa msosi umeshalipiwa, kula tu. Hapo ndo tukampoteza. Asubuhi soseji, saa nne soseji, mchana nyama zenye chumvi, usiku anashuka tena na kanga yake kuangalia wameweka nini. Vidole vikaanza kuvimba, pete yake ya ndoa akaivua akaifunga kwenye pindo la kanga akasema ni joto la bahari. Hivyo vidole mvikumbuke, tutavirudia.

Sasa kwenye hizi meli kuna mtu wa manunuzi. Anasimama jukwaani na maiki anawaelekeza abiria maduka gani ya vito yapo kila bandari, anagawa ramani na kuponi, na maduka yaliyopo kwenye ramani yamelipa yawemo, hilo wameandika wenyewe kwa maandishi madogo pale chini. Kuponi moja unapewa bangili ya bure, afu kila duka ukiingia unapewa kidude cha kuning'iniza kwenye bangili, lingine wanakupa kijiwe cha bure kabisa, ila ukitaka kukivaa wakutengenezee kishikio chake na hicho kishikio ndo kina bei. Mama alikuwa anasinzia. Yule dada wa maiki akataja tanzanite, mama akafungua jicho moja.

"Kasema nini huyo?"

Niwape kidogo historia. Mama mkwe miaka ya tisini alikuwa mama lishe Mererani, kwenye machimbo yenyewe ya tanzanite. Kawalisha wanaapolo, yaani wachimbaji, wali maharage kwa mkopo, wengine wakitoka shimoni hawana hela wanamlipa kwa kijiwe, kwa hiyo kajifunza mawe kwa lazima, asingejua angekuwa anapewa kokoto. Mdogo wake wa kiume mpaka leo ni dalali wa madini pale Arusha. Sasa mtu wa namna hiyo ndo tunamshusha kisiwa cha St. Thomas, mji wa Charlotte Amalie, ambapo Main Street yote ni maghala ya zamani ya Wadenmaki yamegeuzwa maduka ya dhahabu na almasi, na kila dirisha la pili limeandikwa TANZANITE kwa herufi kubwa.

Kule magari yanapita kushoto ingawa ni himaya ya Marekani. Mama akavuka barabara vizuri tu, sisi wa Houston nusura tugongwe, akatuangalia kwa huruma.

Tukaingia duka moja lenye kiyoyozi cha kufa mtu. Tukapokelewa na kijana wa Kihindi, suti imemkaa, tabasamu mpaka gego, akatupa na juisi yenye ramu humo ndani. Mama akamsalimia kwa Kiswahili, "Hujambo baba, wewe wa Arusha eeh?", maana kwao Wahindi wote anaowajua wanaongea Kiswahili kunishinda mi. Kijana hakuambulia kitu, akaendelea kutabasamu, akanigeukia akaniuliza kwa Kiingereza, "Mmeshawahi kusikia nchi inaitwa Tanzania?"

Nikamwambia kidogo.

Waifu akanikanyaga. Lakini jamani nani angekatisha utamu ule? Kijana akajimwaga. Jiwe linapatikana sehemu moja tu duniani, chini ya Kilimanjaro, hapo sawa. Limegundulika 1967, duka la vito la Tiffany la New York likalipatia jina 1968, sawa pia. Afu akashusha sauti, akasema radi ilipiga nyika, moto ukawaka, Wamaasai wakarudi na ng'ombe wao wakakuta mawe yamegeuka buluu. Mi natafsiri neno kwa neno na uso mkavu.

Mama akasema, "Radi? Mwambie jiwe likitoka shimoni mara nyingi lina rangi ya udongo udongo, linaingizwa kwenye tanuri, digrii mia tano na zaidi, ndo linakuwa buluu. Na kuna watu wanaishi kwa kazi hiyo, hawaisubiri radi."

Nikatafsiri. Kijana akameza mate akahamia kwenye uchache, kwamba machimbo yanakaribia kuisha na wenyeji maskini wala hawajui thamani yake. Mama akacheka mpaka juisi ikamwagika. "Mwambie Laizer, mchimbaji wa Mererani, mwaka 2020 kaiuzia serikali mawe mawili, kachukua shilingi bilioni saba nukta saba. Mwambie na ukuta tumejenga kuzunguka machimbo, kilomita ishirini na nne na ushee, tangu 2018. Hawajui thamani wanajenga ukuta wa nini, wa mbuzi?"

Kijana akaniuliza taratibu, "Huyu mama ni nani?" Nikamjibu mama mkwe wangu. Akasema pole. Kweli vile, alisema pole, tena bila utani.

Basi pete ikatolewa. Jiwe la mraba limelala katikati ya vialmasi viwili, lebo dola 4,200, ila kwa sababu tumetoka melini, leo tu, 2,900. Waifu macho yakameta, nikaona hii ndo yenyewe. Mama akaidaka kabla waifu hajanyoosha mkono, akaivaa kidole cha pete, akaigeuza geuza chini ya zile taa, akasunya. "Taa za dukani zinadanganya. Jiwe linaangaliwa juani." Akanyanyuka. Akatembea. Akatoka nje.

Kwa Arusha hilo ni jambo la kawaida kabisa, madalali wanasimama barabarani mchana kweupe wananyanyua mawe kwenye mwanga, hamna anayeshtuka. Charlotte Amalie wanashtuka. Mlinzi alitoka nduki, kijana wa suti nyuma yake, mi nyuma ya kijana napiga kelele "she is only looking! she is only looking!", tukamkuta mama katikati ya Main Street kanyanyua mkono juu, jicho moja kafumba, watalii wamesimama wanampiga picha wakidhani ni ngoma ya asili. Mlinzi jitu la miraba minne, anamwangalia bibi wa kanga, hajui aanzie wapi.

"Rangi ipo," mama akasema, "ila haijakolea. Ni jiwe la kati. Mrudishie."

Akaivuta. Haikutoka.

Akaivuta tena. Zile soseji zote, chumvi yote, pamoja na lile jua, kidole kilikuwa kimefura na pete imezama, huoni hata inapoanzia. Tukarudi ndani. Kijana akapuliza dawa ya kusafishia vioo, nilidhani kachanganyikiwa kumbe masonara ndo wanavyofanya. Haikutoka. Sabuni, haikutoka. Waifu akasokota ule uzi wa meno, wapi. Mi nikatoa wazo la kisomi kwamba tuzamishe mkono kwenye maji ya moto tulainishe, afu barafu ya ghafla, kijana akapiga ukelele, "No! The stone!" Mama akadakia bila hata kusubiri tafsiri, "Eeh, litapasuka, hili halitaki joto na baridi vya kushtukiza." Hilo ndo jambo pekee walilokubaliana siku hiyo.

Mwisho wa kupanda meli ilikuwa saa kumi na nusu. Nikaangalia saa, kumi kasoro dakika chache. Na meli haikusubiri wewe uliyeenda mjini kivyako, inang'oa nanga unaiona. Kijana akasema kwa upole, basi, kuna msumeno wa kukatia pete, au mlipe. Waifu akaanza kulia, mi nikatoa kadi.

"Rudisha hiyo," mama akasema. Akavuta kiti akakaa. Anakaa, watu wangu! Meli kule imeshapiga honi ya kwanza!

"Mwambie akate."

Kijana akasema akikata pete imeharibika. Mama akasema yeye hana haraka. Kijana akasema 2,400. Mama akauliza Wamarekani hiki kisiwa walikipataje, nikamwambia mama jamani muda, akasema tafsiri, kijana akajibu walinunua kwa Denmark 1917, visiwa vitatu, dola milioni 25. Mama akatikisa kichwa. "Visiwa vitatu hawakuongezewa juisi. Mwambie 900." Kijana akashika kichwa, akasema 1,900 na ukweli ni kwamba sisi wakazi wa Marekani kila mmoja anaruhusiwa kurudi na bidhaa za dola 1,600 kutoka hapa bila ushuru, ni faida kwetu. Mama aliposikia hiyo 1,600 akanyoosha kidole chenye mali yao. "Sasa kumbe unajua sheria unatuuzia juu ya sheria? Shusha chini ya hapo."

Nikalipa 1,500. Kijana hakututolea hata kile kidude cha bangili, mama akarudi kukidai.

Mbio zake sasa. Hakuna teksi iliyokuwa tayari kuondoka mpaka ijae, tukapanda tukalipia viti vyote, gatini tukashuka tunakimbia na juu kwenye vibaraza vya meli watu mamia wanapiga makofi na miluzi, inaonekana hiyo ni burudani yao ya kila bandari. Mi na begi, waifu na viatu mkononi, mama kajifunga kanga kiunoni, anatupita, mkono ule wa pete juu anawapungia, na meli nzima inashangilia. Tukaskani kadi zetu, mlango ukafungwa nyuma yetu, nikalala chini kwenye zulia mpaka mfanyakazi mmoja akaniuliza kama namhitaji daktari.

Asubuhi mama akanawa uso kwa maji ya baridi, pete ikachomoka yenyewe ikadondoka kwenye sinki. Waifu akaijaribu, ikamvuka kidole gumba. Mama akaitazama akasema basi Mungu kaamua.

Tukalipia intaneti ya meli, ambayo bei yake nayo ilihitaji mama aende akaongee nao, tukampigia mjomba video. Mama akaisogeza pete kwenye kamera. Mjomba akaikodolea.

"Hilo mbona kama niliuza mwenyewe, likaenda kukatwa Jaipur, India?"

Muongo huyo, huwa anasema hivyo kwa kila jiwe. Akauliza bei. Mama akamtajia, tena kwa kujisifu, akimhesabia tulivyoteremka kutoka 4,200. Kimya. Tukadhani mtandao umekata, waifu akatikisa simu, kumbe mtu alikuwa kaziba mdomo.

"Dada," akasema, "hebu niombee namba ya huyo kijana. Muulize kama wanaajiri."