Nauli ya garimoshi la mvuke huliwa kabla ya safari kuanza

Makala moja niliyoisoma inalalamika kwamba reli za kale zinazoendeshwa kwa ajili ya watalii hutoza nauli kubwa kwa safari fupi isiyomfikisha mtu popote. Malalamiko hayo yanaeleweka, lakini yanapima safari kwa umbali wake, ilhali sehemu kubwa ya gharama hutumika kabla gurudumu halijazunguka. Injini iliyopoa huwashwa moto saa kadhaa kabla ya abiria wa kwanza kufika, tena polepole, kwa sababu boila, yaani tangi linalochemsha maji kuwa mvuke, ikipashwa joto kwa pupa, chuma chake hutanuka bila ulinganifu na viungio huanza kuvuja. Baadaye, njia nzima, mchochea moto habandui jicho kwenye kioo kinachoonyesha kina cha maji, kwani maji yakishuka chini ya paa la tanuri, yaani chumba cha moto kilichozungukwa na maji ya boila, boila inaweza kulipuka. Zaidi ya hayo, kila baada ya miaka kadhaa injini hufumuliwa yote na kukaguliwa, na vipuri ambavyo viwanda vyake vilishafungwa zamani havina budi kuchongwa upya kimoja kimoja.

Kazi hiyo yote isingewezekana kwa mishahara pekee: Reli ya Talyllyn huko Wales, ambayo mwaka 1951 ilikuwa ya kwanza duniani kuokolewa na watu wa kujitolea, bado inawategemea. Ningependa tu wasimamizi wa reli kama hizi wawapitishe wageni karakanani, ambako nauli yao ndiko inakokwenda, badala ya kuwaelekeza moja kwa moja kwenye duka la zawadi.