Hervé Renard: mjenzi wa timu au fundi wa kupita?

Januari 2024, Ivory Coast ilichapwa mabao 4-0 na Equatorial Guinea katika AFCON iliyokuwa ikichezwa nyumbani kwake. Kibarua cha kocha Jean-Louis Gasset kikaota nyasi, na shirikisho likafanya jambo ambalo si la kawaida: likaiomba Ufaransa iwaazime Hervé Renard, wakati huo kocha wa timu ya wanawake ya Ufaransa, aje amalizie mashindano. Ufaransa ikakataa. Timu akaachiwa msaidizi, Emerse Faé, kiungo wa zamani wa timu hiyo, naye akatwaa kombe kwa kuifunga Nigeria 2-1 kwenye fainali.

Wapo wanaoona ombi lile lilikuwa heshima anayostahili Renard. Wapo pia wanaosema ushindi wa Faé ulionyesha kwamba hakuhitajika. Mimi naona pande zote mbili zina hoja, lakini zinamuuliza mtu mmoja swali linalopaswa kuulizwa mashirikisho.

Renard hakuwa nyota uwanjani. Alikuwa beki wa Cannes ya Ufaransa, akamalizia soka madaraja ya chini, kisha akaendesha kampuni ya usafi huku akifundisha klabu ndogo ya Draguignan. Aliyemtoa huko ni Claude Le Roy, aliyemchukua kuwa msaidizi wake China, Cambridge United ya Uingereza na baadaye Ghana. Kuanzia hapo hakutulia: Zambia, Angola, USM Alger ya Algeria, Zambia tena, Sochaux, Ivory Coast, Lille, Morocco, Saudi Arabia, wanawake wa Ufaransa, na Oktoba 2024 akarudi Saudi Arabia.

Wanaomtetea huanzia Libreville, mji mkuu wa Gabon, Februari 12, 2012. Zambia ilicheza fainali ya AFCON dhidi ya Ivory Coast katika mji ule ule ambao pwani yake ilipoteza kikosi cha taifa kwa ajali ya ndege mwaka 1993. Didier Drogba, nyota wa Ivory Coast, alikosa penalti ndani ya muda wa kawaida, mechi ikaisha 0-0, na Zambia ikashinda 8-7 kwa mikwaju. Beki wa Zambia, Joseph Musonda, alikuwa ameumia mapema na hakuweza kutembea. Renard akambeba mikononi kumpeleka washerehekee pamoja na wenzake. Sijaona picha inayomweleza kocha vizuri kuliko ile. Miaka mitatu baadaye aliipa ubingwa Ivory Coast, tena kwa penalti, akawa kocha wa kwanza kulitwaa kombe hilo na nchi mbili tofauti. Mwaka 2022 Saudi Arabia yake ikaifunga Argentina 2-1, Argentina ile ile iliyoondoka Qatar na Kombe la Dunia.

Wanaompinga nao hawasemi ovyo. Klabu zimemshinda: Sochaux ilishuka daraja mikononi mwake 2014, na Lille ilimtimua Novemba 2015 msimu ukiwa bado mchanga. Tena tiketi ya Zambia ya 2012 ilikuwa imekatwa na Dario Bonetti, aliyefukuzwa mara tu baada ya kufuzu. Linaloniuma zaidi ni kilichofuata. Zambia ilitolewa hatua ya makundi 2013 ikiwa bingwa mtetezi, Renard akaondoka mwaka huo huo, kisha nchi ikazikosa AFCON tatu mfululizo, za 2017, 2019 na 2021. Huo ni muongo uliopotea baada ya usiku mmoja mtukufu.

Lakini tazama Morocco. Renard aliipeleka Kombe la Dunia 2018, mara ya kwanza tangu 1998, na ndiye aliyempa Achraf Hakimi mechi yake ya kwanza ya timu ya wakubwa. Alipoondoka baada ya kutolewa na Benin katika AFCON ya 2019, Morocco haikuporomoka. Mwaka 2022 ilifika nusu fainali ya dunia chini ya Walid Regragui. Kocha ni yule yule, tofauti ni alichokikuta. Morocco ilikuwa na akademia, viwanja na shirikisho lenye mpango unaoishi hata kocha akibadilika. Zambia ilikuwa na kizazi kimoja kizuri, na kizazi hicho kilipozeeka hakukuwa na kingine nyuma yake.

Kwa hiyo simlaumu Renard kwa kutojenga. Kocha wa taifa hukaa na wachezaji siku chache kila baada ya miezi kadhaa, na kazi aliyoajiriwa kuifanya ni kuwaunganisha watu haraka, waaminiane, washinde mwezi ule. Katika hilo ni wachache wanaomfikia, na nadhani ndiyo maana klabu, zinazotaka kazi ya kila siku kwa miezi kumi, hazikumkubali. Kosa ni la shirikisho linalomlipa fundi wa mashindano kisha linangoja aondoke akiwa amewaachia shule za soka na ligi ya vijana. Ivory Coast ya 2024 ilinusurika kwa sababu ndani ya benchi lake tayari alikuwapo Faé, anayewajua wachezaji wale. Zambia, Renard alipofunga mabegi 2013, haikuwa imemwandaa mtu wa aina hiyo.